Neno Utakalolipwa Kulitamka

Lusajo mwanangu,

Umeteremka kwa bibi yako kumuaga, na kwa jinsi ninavyomjua mama mkwe wangu, hatakuachia mpaka umekula ndizi mara mbili. Nina saa mbili, pengine tatu. Zinanitosha kuandika jambo ambalo kwa miaka minane nimeshindwa kulisema nikikutazama usoni.

Habari za sweta, sabuni na nani akupokee ukifika Njombe nimemwachia baba yako. Anaziweza. Tangu juzi analifungua na kulifunga begi lako kama afisa wa mpakani. Mimi nataka tuzungumze kuhusu kazi yako.

Hujasahau, najua, siku uliyokuja na simu mkononi umejaa kicheko, ukasema, "Mama, nimepata! Mkaguzi wa ubora!" Nilikuwa napepeta maharage. Sikuinua hata kichwa. Nikakuuliza, "Utasimama upande gani wa meza?" Ukadhani natania. "Mama bwana! Upande wa kampuni." Nikaendelea kupepeta. Ukasema, "Yaani hata hongera ya mdomoni huna?" Nikakuambia sina. Ndipo ukanitandika: "Sasa ulitaka niajiriwe na nani, Mama? Na ukurasa wa barua za wasomaji?"

Nilicheka baadaye, nilipokuwa peke yangu. Ulimi huo umeurithi kwangu, siwezi kuukana. Lakini mbele yako sikucheka, na kwa wiki mbili sasa tunasalimiana kama wapangaji wa nyumba moja.

Unadhani naichukia kampuni hiyo ya parachichi. Una haki ya kudhani hivyo, kwa sababu umekua ukiniona nimefunga kanga kiunoni katika kila mkutano wa wakulima kuanzia hapa Kyimo mpaka Kiwira, na umekata mwenyewe kwa mkasi wa shule barua zangu zilizotoka magazetini. Sifuti neno hata moja katika barua hizo. Nimesoma vitabu vingi kuliko watu wengi wanaonikataza kusema, na nimeona kwa macho yangu lori linalokuja asubuhi likakataa parachichi la mkulima, halafu jioni likarudi lori lilelile, dereva yuleyule, kununua parachichi lililokataliwa kwa bei ya kutupa ili likakamuliwe mafuta. Nikauliza na bado nauliza: asubuhi kilikataliwa nini? Kama tunda lina mafuta ya kukamua jioni, basi lilikuwa nayo asubuhi. Kilichokataliwa ni bei, na aliyekataliwa ni mkulima. Hilo nitaliandika mpaka kalamu iishe wino, na wino ukiisha nitalisema.

Lakini sikukunyima hongera kwa sababu ya kampuni. Nilikunyima kwa sababu ya neno moja, ambalo kuanzia Jumatatu utalipwa kulitamka. Rijekti.

Wewe ulikuwa bado mtoto lilipofika, kwa hiyo hukumbuki vizuri tulivyoishi bila hilo. Zamani parachichi la kienyeji likianguka, lilikuwa na pa kwenda. Bivu lilikuwa la watoto, lililopasuka lilikuwa la nguruwe, lililogongwa liliachwa chini ya mti na mbwa akajua la kufanya. Kila tunda lilikuwa na jina la kilicholipata: limegongwa, limechubuka, limeliwa na ndege, halijakomaa. Kisha ikaja miche ya kubebesha, ile ya kuunganishwa, na mizani, na meza chini ya turubai, na kijana mwenye koti jeupe aliyetumwa na wanunuzi, tukamwita Mtaalamu. Mtaalamu alikuwa anashika tunda, analigeuza mara moja, anasema "rijekti," analitupa kushoto. Mkulima akiuliza kwa nini, anashika jingine. Neno hilo lilikuwa jibu na lilikuwa mlango wa kufunga jibu.

Halikukaa mezani. Maneno ya namna hiyo hayakai mezani. Ndani ya misimu miwili lilikuwa limeshuka barabarani. Binti aliyerudi kwao kutoka kwa mume akaitwa rijekti. Mwalimu aliyehamishiwa shule ya mbali kwa sababu hakuelewana na mkubwa wake, rijekti. Diwani aliyeangushwa kwenye kura, mtoto aliyekosa nafasi ya kidato cha kwanza, ng'ombe asiyeshika mimba, hata shati la mtumba lenye kifungo kimoja. Watu walifurahi. Walikuwa wamepata jiwe moja la kurushia kila mtu, na hakuna aliyetakiwa kueleza kwa nini anarusha.

Ungetaka kujua nani alilirusha kwa mtu mara ya kwanza hapa kwetu. Ni mimi. Nilimrushia bibi yako.

Soma taratibu sasa.

Kampuni ilitaka kila kikundi cha wakulima kiwe na mtu wake wa kuchambua matunda kabla lori halijafika. Wakanichagua kwa kuwa nilikuwa nimefundisha shule ya msingi na niliweza kuisoma karatasi ya masharti bila kuomba msaada. Nikapewa koti jeupe na mkasi. Lusajo, nililipenda lile koti. Nililifua kila jioni na kulipiga pasi ya mkaa. Wewe ulikuwa darasa la sita, ukawa unaniita Daktari, na mimi nikawa naitika.

Bibi yako alikuwa wa kwanza katika kitongoji chetu kupanda miche ile. Ili kuipanda aling'oa migomba aliyoachiwa na babu yako, na wewe ni Mnyakyusa, huhitaji nikueleze maana ya mjane kung'oa migomba ya marehemu mumewe kwa sababu mke wa mwanawe amemwambia kuna faida. Mimi ndiye niliyemwambia. Alipanda miti saba. Iliposhika, aliitembelea asubuhi na jioni kama mtu mwenye wagonjwa wodini.

Siku ya mavuno yake ya kwanza makubwa alikuja na kikapu kichwani. Watu walikuwa wamepanga foleni, Mtaalamu ameegemea lori akichokonoa meno. Nikashika tunda la kwanza. Halikuwa na kikonyo. La pili, halina. Yote hayana. Na karatasi ilisema wazi: tunda likatwe kwa mkasi, libaki na kikonyo kifupi, maana linalonyofolewa huingia uozo pale kwenye kidonda chake kabla halijafika bandarini.

"Mama, haya hayana vikonyo," nikasema.

"Vidole vimekataa mkasi, mkamwana," akanijibu. "Nimezungusha. Polepole sana nimezungusha."

Nilivijua vile vidole. Nilikuwa navikanda mwenyewe kwa mafuta ya moto msimu wa baridi, wakati ukungu wa Rungwe unapoteremka na viungo vinamvimba. Ningeweza kusema hivi: "Mama, bila kikonyo yataoza njiani. Tuyale nyumbani, na mavuno yajayo nitakuja kukukatia." Sentensi hiyo ni pumzi moja. Nimeipima. Nimeisema peke yangu shambani mara nyingi kuliko ninavyosali.

Lakini Mtaalamu akapaza sauti kutoka kule kwenye lori, "Mwalimu, usituchelewesheee! Au kwa mama mkwe sheria inasinzia?"

Watu wakageuka kunitazama. Nami, niliyekuwa nimevaa koti, nikainua tunda juu kila mtu alione, nikasema, "Rijekti!" Ningeweza kuishia hapo, lakini mimi nimezoea kumaliza kwa kishindo, kwa hiyo nikaongeza: "Na kwa mikono hii, hata mwenye mti ni rijekti."

Wakacheka. Mtaalamu akapiga bodi la lori kwa kiganja. Mwanamke mmoja alicheka mpaka akashika mti. Na mimi, mwanangu, sitakudanganya leo: nilisikia raha. Kicheko cha watu wengi ni pombe, na mimi nilikuwa mlevi wa pombe hiyo kabla hujazaliwa.

Bibi yako aliinama akaokota matunda yake moja moja, akayarudisha kikapuni. Hakuna hata moja aliloliacha chini. Akaninyooshea mikono miwili ili nimtwike, kwa sababu mimi ndiye mkamwana wake na hiyo ni kazi yangu. Nikamtwika. Akasema, "Ndaga." Ndiyo asante yetu, unajua. Akaondoka.

Siku ya tatu nikasikia shoka. Nilipofika, miti minne ilikuwa chini na fundi wa mbao kutoka Matwebe alikuwa anautupia shoka wa tano. Matunda mengine yalikuwa bado yananing'inia kwenye matawi yaliyolala. Baba yako alikuja mbio, "Mama! Mama, unafanya nini?" Bibi yako alikuwa amesimama na kanga yake ya kanisani, ametulia kabisa. Akatutazama sote, akanitazama mimi mwisho, akasema, "Ina ugonjwa."

Alinificha. Mbele ya mwanawe, mbele ya fundi, mbele ya majirani waliokuwa tayari wanachungulia, mwanamke niliyemtia aibu akaichukua ile aibu akaifunika kwa uongo ili nyumba yangu isivunjike. Na mimi nikaingia chini ya uongo ule kama kuku anayeingia chini ya ghala mvua ikinyesha. Wewe ulisaidia kukokota matawi. Usiku ule, kwenye chakula, ukaniuliza ni ugonjwa gani. Nikakujibu, "Ukungu wa mizizi." Hata jina la kitaalamu nilikuwa nalo tayari.

Miti ile haikuwa na ugonjwa wowote. Umeishi miaka minane ukiamini ilikuwa nao. Ulipokwenda kusomea kilimo uliniandikia ujumbe kwamba umejifunza dawa yake, ungemponyea Bibi miti yake kama ungejua mapema. Nilisoma ujumbe ule nikazima simu.

Msimu uliofuata nililirudisha koti, na ndipo vita vyangu na wanunuzi vilipoanza. Watu husema nilizinduka. Sikuzinduka. Nilihitaji mkosaji mkubwa kuliko mimi, nikampata, na kwa bahati kweli alikuwa na makosa. Sina haja ya kujipiga mpaka hoja zangu nazo zife: mwenye hatia anaweza kuwa na hoja, na hoja zangu ni nzuri. Lakini usiniheshimu kwa moto wangu bila kujua kuni zilitoka wapi.

Unaukumbuka msiba wa shangazi yako mkubwa, mwaka yalipotoka matokeo yako ya kidato cha nne. Ulikuwa umebeba maji, unapita mbele ya wanaume, na baba yako mdogo akasema kwa sauti, "Na huyu naye, rijekti." Unakumbuka nilivyosimama. Nilimwambia mbele ya wachungaji kwamba mtu aliyeuza shamba la babaye akalimaliza kwa wiki moja Kiwira asithubutu kumpima mtoto wa mtu. Wanawake waliniitikia kwa vigelegele msibani, jambo lisilofanyika. Ulinitazama siku ile kama mtoto anavyomtazama mama aliyeua nyoka.

Bibi yako alikuwa ameketi mkekani karibu na mlango. Naye alinitazama. Lile neno lililokupiga wewe lilikuwa limetoka mdomoni mwangu miaka sita kabla, likatembea, likakua, likamrudia mjukuu wake. Nilikuwa nimemuua nyoka niliyemfuga.

Jumamosi iliyofuata nikamfuata jikoni kwake. Alikuwa anamenya ndizi kwa vile vidole, kisu amekishika kwa kiganja kizima. Nikachutama, kama inavyonipasa. Nikasema, "Mama, nilikukosea."

"Wapi?"

"Siku ile. Mezani."

Akamenya ndizi mbili kabla ya kujibu. "Ulinikosea mezani," akasema. "Sasa hapa jikoni umefuata nini, mkamwana?"

Mimi, mwenye jibu kwa mkuu wa wilaya, kwa mhariri na kwa kila kampuni inayopanda mlima huu, nilichutama pale mpaka miguu ikafa ganzi. Kisha nikasimama, nikaenda zangu. Matusi niliyatoa hadharani, na msamaha nilitaka niuombe kwenye moshi, asinisikie mtu. Hilo ndilo kosa langu la pili, na nimelirudia kila siku iliyofuata kwa kunyamaza.

Kwa hiyo ulipokuja na simu yako ukasema mkaguzi wa ubora, niliona koti jeupe. Nikakuona wewe na ulimi uliourithi, mbele ya foleni ya watu, na meneja ameegemea lori. Nikaogopa. Na woga wangu, kama kawaida, ulivaa nguo za hasira.

Nimefikiri wiki mbili nzima. Sikuombi uache kazi. Aende nani basi? Aende mtu ambaye hajawahi kupanda mti? Wala sikuombi upitishe tunda bovu kwa huruma. Tunda moja lililooza linamaliza kreti zima, na mkulima wa kreti hilo naye ni mtoto wa mtu. Kataa linalopasa kukataliwa. Ila mwenye tunda mwambie limepata nini. Mwambie limechubuka na upepo, au limeguswa na ardhi, au limechumwa kabla ya wiki zake, au halina kikonyo. Aliyeambiwa hivyo anarudi nyumbani na kazi ya kufanya. Aliyeambiwa rijekti anarudi nyumbani na shoka. Nimeliona shoka hilo.

Watakuambia hakuna muda, foleni ni ndefu, dunia nzima inasema hivyo na wewe ni nani. Wajibu wewe ni nani. Una mdomo. Kwenye fomu zao liandike kama fomu inalitaka, hiyo ni karatasi. Kwa mtu aliyesimama mbele yako, kataa kulitamka. Na wakikufukuza kwa kukataa neno moja, rudi nyumbani kifua mbele. Nitakupokea stendi ya Tukuyu na ngoma, na wiki hiyohiyo mhariri atapata barua.

Nami sitakutuma mahali nisipokwenda. Keshokutwa, Alhamisi, kikundi kinakutana palepale kwenye meza. Ni siku ya kuchagua mwenyekiti, na unajua wapo wanaokitamani kiti changu kuliko wanavyotamani mvua. Kabla ya kura nitasimama niseme niliyomfanyia mama mkwe wangu, pale nilipomfanyia, kwa sauti ileile. Baba yako nimemweleza jana. Naye alikuwa anaamini ule ugonjwa. Akasema, "Watakuangusha." Nikamwambia waniangushe. Akasema, "Mama yangu atakuwepo?" Hilo ndilo lililomuuma, na ana haki, bado tunalo mimi na yeye, na halitaisha kwa barua.

Leo asubuhi nikateremka kwa bibi yako kumwomba ruhusa, kwa sababu aibu ile ni yake pia na sina haki ya kuimwaga mbele za watu bila kumuuliza. Nilimwambia na hili la kukuandikia wewe. Ndiyo sababu hatakuwa na la kukuficha ukimuuliza. Lakini nimemwomba aniachie mimi nianze.

Alinisikiliza hadi mwisho. Akauliza, "Na lijekiti utalitaja, au utalizunguka?" Nikamwambia nitalitaja. Akauliza kama yule aliyecheka mpaka akashika mti bado yuko kikundini. Nikasema yuko, na anagombea. Bibi yako akacheka, Lusajo. Alicheka kwa kweli, mpaka akajifuta macho. Kisha akaninyooshea mkono nimsaidie kusimama, akaniambia, "Nitakuja. Uniwekee kiti mbele. Lakini usilie, mkamwana. Ukilia, watakuhurumia wewe."

Sitalia.

Nenda ukafanye kazi, mwanangu. Hongera niliyokunyima ni hii hapa, ichukue yote.

Mama yako